Ubao wa gitaa la umeme: unaongeza sauti au unaiba?

Chomeka gitaa kwenye ampi, ongeza sauti, kisha ligonge mwilini kwa kifundo cha kidole. Kwenye magitaa mengi spika itajibu "du". Hapo ndipo mshabiki wa mbao, anayeamini mti ndio unaoleta mlio, anapotabasamu: si umeusikia ubao kwa masikio yako? La. Kilichosikika ni nyuzi zilizoshtuka kidogo juu ya sumaku, na mara nyingi ni koili ya pikapu yenyewe (kile kinasa mtetemo kilicho chini ya nyuzi) ambayo waya wake umelegea. Zizime nyuzi kwa kitambaa, gonga tena. Ikiwa "du" bado ipo kwa nguvu ileile, una pikapu inayohitaji nta ya kuushikilia waya huo, si ubao wenye kipaji.

(Nta yenyewe haina siri. Parafini sehemu nne, nta ya nyuki sehemu moja kwa uzito. Ile ya Tabora inafaa kabisa. Iyeyushe kwenye chombo kilichowekwa ndani ya sufuria ya maji moto, kamwe si juu ya moto wa wazi, maana nta hushika moto. Shikilia joto nyuzi 65 za Selsiasi, zamisha pikapu dakika 15 hadi 20, mpaka mapovu yakome. Joto likizidi sana, kiunzi cha plastiki kinachobeba koili kinapinda na waya unakatika. Ukikatika, kazi imekuwa ya kusuka upya.)

Ubishi mwingi kuhusu mbao unatokana na kusahau jinsi pikapu inavyofanya kazi. Ya gitaa nasema, si ya kubebea mkaa. Ni sumaku iliyozungushiwa waya mwembamba wa shaba: kwenye Stratocaster, gitaa maarufu la kampuni ya Fender, ni mizunguko karibu 8,000 ya waya wa unene wa milimita 0.063 hivi. Uzi wa chuma ukicheza juu ya sumaku, uga wa sumaku unayumba, na umeme mdogo unazaliwa ndani ya koili. Basi. Pikapu haina sikio. Hewa inayotikiswa na ubao haiihusu, tofauti na maikrofoni iliyowekwa mbele ya gitaa kavu.

Ushahidi wa bei rahisi upo kwenye pakiti ya nyuzi. Mtu akikosa nyuzi za gitaa la umeme akafunga za gitaa kavu, zile zilizozungushiwa shaba nyeusi, nyuzi nne za chini zinanyong'onyea na mbili za juu zinapiga kelele. Bila umeme zote zinalia vizuri tu. Ila shaba haivutwi na sumaku, kwa hiyo pikapu inasoma ule msingi mwembamba wa chuma uliofichwa ndani. Gitaa ni lilelile, ubao ni uleule, na uwiano wa sauti umevurugika kabisa.

Sasa, ubao hauna kazi? Unayo, lakini inapita mlango mmoja: ncha mbili za uzi. Uzi umeshikwa kwenye daraja, pale mwilini, upande mmoja, na kwenye freti, kile kijiti cha chuma kilicholala shingoni, upande wa pili. Kama ncha hizo zingekuwa zimepigiliwa kwenye mwamba, ubao usingejua kinachoendelea. Lakini hakuna gitaa la mwamba. Ncha zinayumba kidogo sana, na kila zinapoyumba, nguvu inatoka kwenye uzi kuingia kwenye mti, ambako inageuka joto na sauti ya hewani. Haina namna ya kurudi ikiwa imeongezeka. Ndiyo maana kauli ya "ubao huu unaongeza besi" ina kasoro toka mwanzo: ubao unapunguza tu, na tofauti ya ubao na ubao ni ipi noti unayoiba na kwa haraka gani.

Hili linageuza kipimo kimoja kinachopendwa dukani. Mnunuzi analiegemeza gitaa tumboni, anapiga bila umeme, anasikia mwili mzima ukivuma, anasema hili ndilo. Mvumo huo ni nguvu iliyokwisha kuuhama uzi. Gitaa linalovuma sana bila umeme linaweza kabisa kuwa ndilo linalokatisha noti mapema ukiliwasha.

Wizi huo unaonekana wazi kabisa kwenye shingo. Shingo ni kama ubao wa kurukia majini: upande mmoja umekazwa, mwingine unaning'inia na uzito wa kichwa na funguo mwishoni. Kitu cha umbo hilo kina mtetemo wake wa asili, na noti inapoangukia kwenye mtetemo huo, shingo inaitikia na kuinyonya. Mjerumani Helmut Fleischer alipima jambo hili mwishoni mwa miaka ya 1990, akaona kwamba kwenye magitaa ya mwili usio na uwazi upande wa shingo unalegea kuliko upande wa daraja, na kwamba pale unapolegea zaidi ndipo noti zinapokufa mapema.

Wapiga besi wanapajua mahali penyewe hata kama hawajui sababu. Kwenye besi nyingi za mtindo wa Fender, chukua uzi wa G, ule mwembamba, na upige freti moja baada ya nyingine kwa nguvu sawa huku ukihesabu sekunde. Mahali fulani kati ya freti ya 5 na ya 7, yaani kati ya hezi 131 na 147, kuna noti inayoanza vizuri kisha inazama kama jiwe. Kwenye benga, ambako besi inadundadunda na noti zinakatwa fupi, unaweza kupiga miaka kumi usiitambue. Kwenye wimbo wa polepole unaotaka noti ndefu, inaonekana mara moja.

Usipeleke gitaa kwa fundi kwanza. Chukua klampu ndogo ya seremala, weka kipande cha ngozi au kitambaa kinene ili isikwaruze, ibane kwenye kichwa cha gitaa, kisha rudia kuhesabu. Uzito wa gramu 200 hivi unashusha mtetemo wa shingo, na ile sehemu iliyokufa inahamia noti ya chini zaidi. Ikiangukia katikati ya freti mbili umepona, kwa sababu hakuna noti unayoipiga pale. Ikiangukia juu ya noti nyingine, ongeza au punguza uzito. Hapa ndipo ubao na ujenzi vinapodai haki yao kweli: shingo nene na ngumu, kichwa chenye uzito tofauti, mtetemo unahama. Lakini ona kwamba kinachohesabika ni ugumu na uzito wa kipande kile, si jina la mti. Shingo mbili za mepo zilizopasuliwa gogo moja zinaweza kuua noti mbili tofauti. Anayekwambia mepo "inang'aa" na rozwudi "ina joto" anasoma rangi ya mti, hasomi mtetemo wake.

Na jina la mti liliingiaje? Kwa njia ya duka la mbao. Mnamo 1940 hivi, mpiga gitaa Mmarekani Les Paul alichukua kipande cha msonobari cha inchi 4 kwa 4, akafunga shingo, nyuzi na pikapu, kisha akakibandika mabawa ya gitaa la Epiphone pembeni ili kifanane na gitaa. Kilifanya kazi bila mabawa vilevile. Leo Fender alipotoa Stratocaster mwaka 1954 alitumia ashi, na mwaka 1956 miili ya rangi nyingi ikahamia kwenye alda, mti uliopatikana kwa wingi na kushika rangi bila usumbufu. Kampuni ya Danelectro walitengeneza miili ya fremu ya mbao iliyofunikwa hadibodi, ndiyo, ile ya kupigia silingi, na magitaa hayo yameingia studio kubwa kubwa. Mwaka 1969 Dan Armstrong akaitengenezea kampuni ya Ampeg gitaa la plastiki angavu, na katikati ya miaka ya 1970 Travis Bean akaja na shingo za alumini. Yote yanalia kama magitaa ya umeme. Mpiga gitaa wa Nashville aitwaye Jim Lill alifika mwisho wa njia: alitandaza nyuzi kati ya meza mbili za kazi, hewa tupu katikati, akaweka pikapu mahali palepale na kimo kilekile kama kwenye gitaa lake. Rekodi mbili zilikaribiana mno.

Maneno muhimu hapo ni "mahali palepale na kimo kilekile", na hayo ndiyo watu wanayoyapuuza wanapolinganisha magitaa mawili na kuusifu ubao.

Mahali. Stratocaster ina urefu wa uzi wa milimita 648 kati ya nati, kile kipande cha mwisho wa shingo ambako nyuzi hupita, na daraja. Pikapu ya shingoni imekaa karibu milimita 162 kutoka kwenye daraja, yaani robo kamili. Uzi mtupu ukilia, hamoniki ya nne (mlio mdogo ndani ya noti, unaotetema mara nne ya ule wa msingi) ina tuo pale juu ya pikapu, mahali ambapo haitikisiki, kwa hiyo pikapu haiioni. Bonyeza freti ya 12: uzi umebaki milimita 324 na pikapu sasa iko nusu yake, hamoniki zote za namba shufwa zinapotea, na ndiyo ule mlio mviringo, kama filimbi, unaopatikana hapo tu. Hakuna mti uliohusika. Pikapu ya darajani, iliyo milimita 40 hivi kutoka ncha, inaziona hamoniki nyingi za juu na kidogo ya msingi, ndiyo maana mpiga solo wa rumba anayetaka noti zidondoke kama mvua juu ya bati anahamia huko. Sogeza pikapu hiyo milimita 5 na utakuwa umebadilisha mlio kuliko kubadilisha mninga kwa mkangazi.

Kimo. Bonyeza uzi kwenye freti ya mwisho, pima nafasi kati ya chini ya uzi na juu ya sumaku. Kwa pikapu za koili moja anza na milimita 2.4 upande wa uzi mnene na 2 upande wa uzi mwembamba. Huna fila, vile vibamba vya kupimia nafasi? Kadi ya benki ina unene wa milimita 0.76, kwa hiyo kadi tatu ni milimita 2.3 hivi. Tumia zilizokwisha muda, maana sumaku ya gitaa inaweza kuufuta ule mstari mweusi wa nyuma ukabaki unajieleza mbele ya mashine ya pesa. Pikapu ikiwa karibu mno, sumaku inauvuta uzi mnene na kuuzuia kucheza sawasawa: utasikia noti ikiyumba kama sauti mbili zinazogombana, na kwenye freti za juu tyuna haitulii hata ukisogeza tandiko la daraja, kile kipande ambacho uzi unakalia, mpaka mwisho. Watu wamebadilisha madaraja kwa tatizo hili. Bisibisi ya nyota na nusu mzunguko vingetosha.

Kisha poti, vile vidhibiti vya sauti vinavyozungushwa, na kebo, ambako tofauti ni kubwa na gharama ni ndogo. Koili, pamoja na uwezo wa kebo kuhifadhi chaji, inatengeneza kilele cha mlio, mahali ambapo sauti inainuka kabla ya kuanguka. Koili ya Stratocaster ina henri 2.3 hivi, kebo ya kawaida ina pikofaradi 100 kwa kila mita, na koili yenyewe ina kama 100 zake. Kwa kebo ya mita 3, kilele kinakaa karibu hezi 5,200. Kwa mita 6 kinashuka hadi 4,000. Kwa mita 10, ile ndefu ya jukwaani inayokuwezesha kushuka kwa mashabiki, ni kama 3,200 tu. Hamboka, yaani pikapu ya koili mbili, yenye henri 4.4 iko huko chini hata kwa kebo fupi. Kwa hiyo gitaa lililong'aa sebuleni likafifia ukumbini huenda halikubadilika hata chembe. Kilichorefuka ni waya.

Poti za kiloomu 250 zinakibana kilele hicho, za 500 zinakiacha kiinuke. Desturi ni 250 kwa koili moja na 500 kwa hamboka. Ila poti iliyoandikwa 250 inaruhusiwa kupotoka asilimia 20, yaani inaweza kuwa 200 au 300. Magitaa mawili ya kiwanda kimoja, ubao mmoja, yenye poti mbili za namna hiyo yanalia tofauti, na mwenye lile linalong'aa ataapa kwamba alibahatika kupata mti mzuri. Ipime kwa mita kabla ya kulehemu. Na kama mlio unazama kila unaposhusha sauti hadi 7, lehemu kapasita ya pikofaradi 1,000 sambamba na rezista ya kiloomu 150 kati ya miguu miwili ya poti ya sauti, ule wa kuingilia na ule wa katikati. Vipande viwili vidogo kutoka kwa fundi redio yeyote.

Ujenzi unaingia wapi? Kwanza kwenye uwazi. Gitaa lenye tumbo tupu ni mnyama mwingine: bamba la juu linatikisika, linachukua nguvu ya uzi kupitia daraja, noti inaanza kwa kishindo na kufa haraka, na ukikaa karibu na spika linaanza kulia lenyewe. Kampuni ya Gibson walipotoa gitaa la ES-335 mwaka 1958 waliweka gogo zima la mti katikati ya mwili kwa sababu hiyo. Hapa sina ubishi na mtu. Tofauti inasikika hata na jirani.

Pili kwenye viungo vilivyofanywa vibaya. Shingo ya kubana kwa skrubu haina dhambi kuliko ya gundi, ila mfuko wake, yaani nafasi ya mwilini inamokaa, ukiwa mpana, au skrubu zikiwa zimekula matundu, kiungo kinalegea na kunyonya. Funga nyuzi, ziweke kwenye sauti yake, legeza skrubu nne robo mzunguko mpaka usikie "ka", nyuzi zenyewe zitaivuta shingo ikae mfukoni, kisha kaza. Tundu lililoliwa unalijaza kwa kijiti cha mti mgumu na gundi ya mbao, unaacha usiku kucha, unatoboa upya. Kipande cha karatasi kilichowekwa nusu ya mfuko ili kuinua pembe ya shingo ni cha kuogopwa zaidi: nafasi tupu inayobaki inaweza kuufanya mti upinde baada ya muda, na freti za mwisho zikainuka na kuanza kupiga nyuzi. Tandiko la daraja lenye mfereji uliopanuka linaleta mlio wa kukwaruza unaofanana na taarabu iliyopotea njia. Nati, ambayo watu huilipia mfupa wa gharama, inahusika na uzi mtupu tu. Ukishabonyeza freti, imetoka mchezoni.

Anayetaka kulinganisha mbao mbili kwa haki afanye hivi: pikapu moja, daraja moja, pakiti mbili mpya za nyuzi za aina moja, kimo kilichopimwa kwa kadi zilezile, kebo ileile, kirekodi bila ampi. Mkono ndio tatizo, kwa kuwa sentimita moja ya kusogea kuelekea daraja inafunika tofauti yote unayoitafuta. Tumia waya mwembamba wa shaba kutoka kwenye transfoma iliyoungua: uzungushe chini ya uzi mahali palipowekwa alama, vuta juu polepole mpaka ukatike. Unakatika kwa nguvu ileile kila mara. Sawazisha ukubwa wa sauti za rekodi, maana sikio humpa ushindi anayepiga kelele zaidi, kisha mwache mtu mwingine azichanganye na akusikilizishe bila kukwambia ipi ni ipi.

Fundi anayechonga hapa kwetu bado ana sababu nzuri za kuchagua mbao, ila si zile za kwenye matangazo. Mwili wa kawaida wenye unene wa milimita 45 una ujazo wa lita 4 hivi. Kwa msonobari mkavu hizo ni kilo 2. Kwa mninga wa kilo 600 kwa mita ya ujazo ni kilo 2.4. Kwa mpingo ni karibu kilo 5 kabla hujafunga hata skrubu moja, na bendi ya dansi inapiga hadi alfajiri. Msonobari ni laini, skrubu za daraja zinalegea humo, mninga unazishika. Zaidi ya yote kuna unyevu. Mahali penye hewa ya unyevu wa asilimia 75 hadi 80, kama Mombasa au Unguja, mbao hutulia kwenye unyevu wa asilimia 14 hadi 16. Mti uliokaushwa tanuri hadi 8 utavimba ukifika huko, na uliopasuliwa jana utapinda popote. Shingo ipasuliwe kwa mishipa iliyonyooka, iachwe chumbani itakamoishi, ichongwe kwa awamu mbili au tatu zenye wiki kati yake ili mti ujipinde kabla ya kupigwa randa ya mwisho.

Mpingo uwekwe pale unapostahili, kwenye ubao wa vidole, ule wa uso wa shingo, kwa sababu chuma cha nyuzi hakiuli. Anayetaka kuuza nje vipande vighafi akumbuke kwamba jamii yote ya Dalbergia, ambayo mpingo umo, iko kwenye orodha ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, inayodai kibali tangu Januari 2017. Ala zilizokamilika ndizo zilizolegezewa masharti Novemba 2019. Mpingo una mafuta, kwa hiyo futa uso kwa asetoni dakika chache kabla ya kupaka gundi, la sivyo utabanduka kama stika. Na pima mifereji ya freti kwa freti yenyewe: kwenye mti laini shina la freti linajisukumia njia, kwenye mpingo halina pa kwenda. Mfereji ukiwa mwembamba hata sehemu ya kumi ya milimita, freti 22 zinafanya kazi ya kabari 22, shingo inapinda kinyumenyume, na chuma cha ndani cha kurekebishia, kama ni kile cha kuvuta upande mmoja tu, hakiwezi kuirudisha.